Viatu vya Wistin

Hapa kisiwani Gozo, siku ya sikukuu sanamu ya mtakatifu hubebwa na wanaume waliolingana mabega. Mmoja akiwa mfupi, mti wa kubebea haumgusi begani, na mwenziwe hubeba mzigo wa wote wawili.

Mume wangu Zaren na kaka yangu Wistin wamebeba mti wa mbele tangu ujana wao. Mwaka huu, nilipomjaribisha Zaren kanzu nyeupe ya wabebaji, pindo liliburuzika sakafuni.

"Kanzu imerefuka," alisema.

"Naam, vitambaa siku hizi vinaota," nikamjibu, nikaipunguza.

Siku ya mazoezi alitia vipande vya kizibo ndani ya viatu. Wistin alimwona mara moja. "Shemeji, umekua! Dada yangu anakulisha nini?" Watu wakacheka. Bertu, mkuu wa wabebaji, hakucheka. Alimvua viatu mbele ya wote na vizibo vikaanguka.

"Jumapili mti usipokukaa begani nakutoa, Zaren. Palepale mlangoni mwa kanisa."

Jioni hiyo nyama ya sungura niliyompikia Zaren ilipoa mezani. Nilimhurumia, na pia alinichosha: mwanamume mzima kuukondea mti.

Jumapili kengele zililia, fataki zikapasuka, bendi ikajipanga. Wistin akatokea pekupeku.

"Viatu viko wapi, wewe?" Bertu aliuliza.

"Nimeweka nadhiri. Goti hili linaniua." Akashika la kushoto.

Kaka yangu hajawahi kumwahidi Mungu hata mshumaa. Wabebaji waliinama, wakainua. Bertu alijaribu kupitisha kidole kati ya mti na bega la Zaren. Hakikupita. Akatoa ishara waende.

Mawe ya barabara yalikuwa yamechomwa na jua la Agosti mchana kutwa. Wistin aliyakanyaga mtaa baada ya mtaa, akiwatania wanawake waliokuwa rosheni, mpaka sanamu ikarudi kanisani.

Nyumbani nilileta beseni la maji na kitambaa. Nyayo zake zilikuwa malengelenge matupu.

"Goti gani lilikuwa linakuuma?" Zaren alimuuliza.

Wistin alifikiri kidogo, akashika la kulia.

Zaren alilitazama goti lile. Kisha akaninyang'anya kitambaa, akapiga magoti sakafuni na kuanza kumwosha miguu, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mwakani," alisema bila kuinua uso, "vaa viatu vyako."