Marehemu Amehama Kituo

Wifi yangu Benadetha alikwenda kumfuta mumewe kwenye daftari la wapiga kura, na mimi nikamsindikiza, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa kaka yangu Egidi. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili ile tangazo la ndoa ya Benadetha lingesomwa kanisani kwa mara ya mwisho, kisha angeolewa na Mansuetus, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Mapera, mwanamume mtaratibu anayecheka kwa nadra, lakini akicheka anamaanisha. Benadetha alitaka amalize mambo ya Egidi kabla ya kuvaa pete nyingine. Na siku hizo pikipiki yenye kipaza sauti ilikuwa ikizunguka kijiji chetu chote cha Lituhi ikitangaza: waliofikisha umri waje, waliohama waje, na wenye marehemu waje wawaondoe.

Egidi alizama ziwani miaka minane iliyopita. Mtumbwi wake ulikutwa umepinduka, nyavu zimejisokota, yeye hayupo. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Basi tukakata shina la mgomba, tukalivika shati lake la Krismasi, tukalizika na kuliwekea msalaba wenye jina lake, maana msiba usio na kaburi hauishi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mama yetu hakudumu baada ya hapo. Alituomba azikwe kando ya mwanawe, nasi tukamzika kando ya ule mgomba.

Kama kuna kitu Egidi alikipenda kuliko samaki, ni kupiga kura. Siku ya uchaguzi alivaa viatu gizani na kuwahi kituoni kabla hata wasimamizi hawajafungua mlango. Mwaka mmoja alikuwa na malaria kali, akapelekwa kwa baiskeli, amejifunika blanketi, na bado alikuwa wa kwanza. Tulimtania kwamba kadi yake anaitunza kuliko mke. Tulidhani tunatania.

Mwalimu Glorious ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kuandikisha, katika darasa la tatu la shule yetu. Alitupa pole. Benadetha akafungua leso, akatoa ile kadi ya Egidi na kuiweka mezani. Mwalimu akaingiza namba, akatazama, akaingiza tena.

"Mama, huyu amefariki lini?"

"Miaka minane sasa, Mwalimu."

"Miaka minane," alirudia taratibu. "Mbona mwezi uliopita amehama kituo?"

Nilicheka. Nilicheka kweli, Mungu anisamehe. "Mwalimu, maiti anahamia wapi tena? Kaburi lake si lile pale nyuma ya kanisa?"

Yeye hakucheka. Alitueleza kwa upole, kama anayefundisha hesabu, kwamba mashine za sasa zinasomana nchi nzima. Mtu huyu alikwenda Kyela, kule kaskazini mwa ziwa, akasema kadi imepotea na kwamba amehama. Hakuweza kujiandikisha upya kwa jina jingine, kwa kuwa alama za vidole vyake zilichukuliwa hapahapa Lituhi zamani, na mashine ingemnasa. Kwa hiyo akatumia jina lake. Aliweka vidole, akatambuliwa, akapigwa picha mpya. Mwalimu akageuza kioo cha kompyuta upande wetu. "Hebu angalieni kama ndiye."

Alikuwa Egidi! Amenenepa. Kipara kimeanza. Meno ya mbele ni yaleyale yenye mwanya, na uso ni wa mtu aliyelala vizuri na kunywa chai. Nilishikilia dawati la watoto. Benadetha alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Amenyoa ndevu," alisema. Ni hilo tu.

Mimi nilitukana mbele ya Mwalimu, na sijutii hata neno moja. "Mama yangu amelala kando ya mgomba! Amekufa kwa uchungu wa huyu mshenzi, na yeye anahangaikia kituo cha kura!" Mke aliweza kumwacha. Mama aliweza kumwacha. Kura ikamshinda.

"Siwezi kumfuta mtu aliye hai," Mwalimu alisema. Tulipomuuliza anakaa mtaa gani, alitikisa kichwa. "Hilo siruhusiwi. Kituo atakachopigia kura ndicho kinachobandikwa wazi kila mtu aone, kwa hiyo hicho nawaambia." Akatutajia shule moja ya msingi ya huko Kyela.

Nilimvuta wifi yangu mlangoni. "Wifi, tunyamaze. Tunajua wewe na mimi, na Mwalimu kazi yake haimruhusu kupiga domo. Jumapili ipite, uolewe. Mwenyewe alitaka kufa, tumwache afe."

Nilimaanisha. Hata leo sioni nilichokosea.

Benadetha aliuondoa mkono wangu. "Padri atauliza kama kuna kizuizi, wifi. Niinamishe kichwa? Mansuetus ameshanijengea jiko. Nimlaze kwenye uongo kama Egidi alivyonilaza mimi?"

"Sasa utafanyaje? Upande boti kesho ukamtafute?"

"Kyela ni kubwa. Akisikia tu nimeshuka bandarini, atazama tena."

Machozi yalimtoka. Mimi nilikuwa nawaza jinsi ya kumweleza Mansuetus, na jinsi ya kung'oa ule msalaba bila kumsumbua mama. Ndipo Benadetha akajipangusa uso kwa ile leso ya kadi.

"Wifi, siku ya kura Egidi huwa anafika kituoni wakati gani?"

"Kabla ya mtu yeyote," nilisema. "Si unamjua."

Alirudi ndani, akaketi kwenye kile kiti kilicho mbele ya kamera, akakaza kitambaa chake kichwani. "Mwalimu, na mimi nahama."

"Unahamia wapi, mama?"

"Kwenye kituo hichohicho."

Mwalimu Glorious aliondoa mikono mezani. "Lakini lazima uwe unakaa huko."

"Nitakaa. Napanga chumba kimyakimya, nauza dagaa. Mansuetus nitamweleza mwenyewe leo, akiweza kusubiri asubiri." Aliweka kidole chake kwenye kile kioo kidogo cha mashine kabla hajaambiwa. "Nataka siku ile akigeuka nyuma kwenye foleni, anikute mimi."

Mwalimu alimtazama, kisha akamwambia anyooshe shingo na asifumbe macho. Mashine ikamulika. Akaniuliza mimi niliyesimama mlangoni nina shida gani, nikamjibu kwamba nasubiri kiti kiwe wazi, nami nihame.