Kaburi la Egesa

Watu wa kwetu wamenichosha, tena kwelikweli. Mjomba wangu Mulama alitakiwa kusema neno moja tu mbele ya mgeni: mgomba. Akafunga mdomo kana kwamba nimemwomba auze shamba.

Babu yangu mzaa mama, Egesa, alichukuliwa kwenda vita vya Burma mama akiwa bado tumboni. Hakurudi. Walipochoka kungoja, watu wa boma lake hapo Butula wakafanya tunavyofanya sisi mtu akipotea: wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakaulilia na kuuzika, kisha wakasimika msalaba wenye jina lake. Tangu siku hiyo ni mwiko kuutaja mgomba. Aliyezikwa ni Egesa. Ukisema vingine umemfukua, na marehemu ataanza upya kutangatanga.

Sawa, mila ni mila. Lakini mwaka huu shirika moja linalotafuta makaburi ya askari waliopotea lilitangaza kwamba mifupa imepatikana msituni huko Burma, na linataka mate ya jamaa zao ili yalinganishwe na mifupa hiyo. Mama, na magoti yake mabovu, alinitoa nyumbani Matayos hadi mjini Busia kabla sijafungua kibanda changu cha nguo. Akatema mate kwenye kichupa huku anatabasamu. Jambo analolitaka kabla ya kufa ni hilo tu, kujua baba yake amelala wapi.

Basi juzi Hamdan, ofisa wa shirika hilo, akaja Butula kuthibitisha ukoo, mimi na mama tukiwepo. Hamdan ni Mwislamu aliyezaliwa na kukulia Busia mjini, na kwao hakuna aliyewahi kuzika mgomba. Akauona msalaba, akasoma jina.

"Mzee, huyu ndiye Egesa mwenyewe?"

"Ndiye," mjomba, mtoto wa mdogo wake Egesa, akajibu bila haya. "Tulimzika hapa."

Wazee wa jirani wakaitikia wote.

"Basi huyu si missing," Hamdan akaniambia. "Mate ya mama hatutapima tena. Sisi tunatafuta wale wamepotea."

Nilihisi kichwa kinataka kupasuka. Nikamwambia palepale kwamba mle hamna mtu.

"Madam, wazee wote wanasema yuko. Wewe ulikuwa umezaliwa?"

"Chimbeni basi muone!"

"Hata tukichimba tukose kitu, mchanga ya hapa inakula mifupa. Miaka imekuwa mingi."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nikamgeukia mjomba.

"Mjomba, sema ukweli!"

"Selpha, wewe ni mtoto wa dada. Hii boma si yako. Nimesema tulimzika."

"Ulimzika na mikono gani? Ulikuwa unanyonya!"

Mzee mmoja akacheka, akakaziwa macho, akanyamaza. Hamdan akaanza kukusanya vitu vyake kwa adabu zote, na adabu yake ndiyo iliyozidi kuniudhi. Ningeweza kumrushia kiatu.

Muda wote huo mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na kaburi. Nilijua naye anabanwa na mwiko uleule, kwa hiyo sikumtegemea. Akainuka taratibu, akamshika Hamdan mkono.

"Mwanangu," akasema, "hapo ni mgomba."

Mjomba akajishika kichwa. "Dada! Umetufanya nini?"

"Nimepalilia hapa tangu utoto, nikiita mgomba baba. Hiyo imetosha. Mwanangu, andika baba yangu amepotea."

Hamdan alimtazama mjomba, naye mjomba akatazama chini. Safari hii hakubisha. Hamdan akaandika, akaahidi kwamba mate yatapimwa, akaaga. Mimi nilifurahi hadi nikakaribia kupiga vigelegele. Tumeshinda! Nikageuka nimshike mama mkono twende zetu nyumbani.

Mama alikuwa amekisukuma kiti kando. Alikaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu yake mibovu, akavua kitambaa cha kichwa. Kisha akaanza kumlilia baba yake kwa sauti, akimwita kwa jina, kama mtu aliyeletewa habari asubuhi hiyo.

"Mama, inuka, tumemaliza," nikamwambia. "Twende."

"Niende wapi, Selpha?" akasema. "Baba hajazikwa."