Sukari Iliyobaki Nje

Mwaka 1974, huko Njoro, mwalimu Umesh alitia sukari kwenye chupa mbili za bakteria. Moja akaiongezea sumu ya kuwamaliza nguvu. Chepchirchir, mwanafunzi wake, alipopima, bakteria wa chupa yenye sumu walikuwa hawana sukari ndani.

“Lakini sukari imewazunguka,” alisema.

“Kuivuta ndani ni kazi,” mwalimu alijibu. “Kazi inataka nguvu.”

Jumamosi Chepchirchir alienda nyumbani kwao Bahati kumwona babake, ambaye hakuwa akila tangu mama azikwe. Ugali ulikuwa umepoa mbele yake.

“Chakula kiko hapo, anakataa tu,” alisema kakake Kipsang.

Chepchirchir alipika uji mwepesi, akamshikia baba kikombe.

“Sina nguvu ya kula.”

“Najua, Baba.”

Mzee alikunywa nusu, kisha akauliza kama ng'ombe wamekamuliwa.