Kompyuta Iliyotaka Marahaba

Mwalimu Lea wa Kilosa alikuwa akiitikia marahaba tangu anapotoka mlangoni asubuhi mpaka anapofika shuleni. Wanafunzi, wazazi, wauza maandazi, hata walevi ambao walikuwa bado hawajalala, wote aliwaitikia. Alichokinyima marahaba ni kitu kimoja tu: kompyuta ya mumewe.

Mumewe, Oswald, alikuwa fundi wa mabehewa pale stesheni mpaka wakubwa walipogundua kwamba uchumi wa nchi utapona haraka zaidi yeye akikaa nyumbani. Akakaa. Mzungu mmoja wa mradi wa barabara, alipofunga virago, akamwachia kompyuta ya nyumbani: kibodi nene, rangi ya ugali wa dona, ambayo unaiunganisha na televisheni na kuisomesha programu kutoka kwenye kaseti ya kawaida ya redio. Televisheni yao haikuwa na stesheni ya kukamata, kwa hiyo angalau nayo ikapata kazi kabla ya mwenye nyumba.

Oswald alihangaika nayo miezi, akatunga programu moja. Ukiiwasha, kioo kinaandika SHIKAMOO MWALIMU, kisha kinasubiri.

"Wewe jibu tu marahaba, uone," Oswald alimwambia mkewe.

"Mimi siamkiwi na bati," Lea alisema, akaandika ACHA UPUUZI.

Kioo kikajibu: SIJAELEWA. SHIKAMOO MWALIMU.

Mchezo ukawa huo kila jioni. Lea anarudi kazini, anajimiminia chai kutoka kwenye chupa iliyokuwa ikimsubiri mezani, anamshukuru Happiness, binti wa dada yake aliyeishi nao, naye Happiness anazipokea shukrani bila ubishi. Kisha Lea anaiandikia mashine tusi jipya. Siku moja aliandika KATAFUTE KAZI. Siku hiyo Oswald hakucheka.

Masika yaliyofuata Oswald aliugua ghafla, akafariki. Matanga hayajaanuliwa, umeme ukaja kwa nguvu kupita kiasi, ukaunguza adapta ya kompyuta. Lea akabaki na kaseti na swali moja: baada ya marahaba kulikuwa na nini? Swali lile lilimuuma vibaya, na lilimuuma zaidi kwa kuwa hakuna aliyemzuia kujua ila kiburi chake mwenyewe. Nyumba nayo ilipoa. Hata ile chai ya jioni Happiness aliacha kuipika, na badala yake akapendekeza kaseti irekodiwe kwaya, maana ilikuwa inapiga kelele tu. Lea alimtazama mpaka akaenda kufagia uani.

Ndipo akaanza kutafuta adapta. Biashara ilikuwa imeshakuwa huria, na uhuru ulionekana: Kilosa kulikuwa na sabuni za kila harufu, siagi ya kopo na nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa na watu wa Ulaya. Adapta ndiyo haikupenda kuja. Filipo, fundi redio wa sokoni, aliifungua ile iliyoungua, akainusa, akatangaza kifo chake kwa sauti ya daktari. Duka moja la Morogoro lilikuwa na kijana aliyevaa tai na joto lake lote.

"Mama, hii haitengenezwi tena," alisema kijana. "Nunua mpya."

"Mume wangu naye hatengenezwi tena," Lea alimjibu. "Wapya mnao?"

Aliyemwokoa ni inspekta wa shule, mtu ambaye kwa kawaida hakuokoa kitu. Alilala gesti moja ya Mikumi na kurudi akisifu kwamba siku hizi hata kule wanaandikisha wageni kwa kompyuta, tena ya rangi ya dona. Jumamosi Lea alifunga kibodi yake, kaseti na adapta iliyoungua kwenye kanga, akapanda basi.

Mwenye gesti, Mwinshehe, alikuwa nyuma ya meza ya mapokezi. Mbele yake ilikaa kompyuta pacha ya ile ya Oswald, na adapta yake, waya ukining'inia bila kugusa ukuta. Dereva wa lori aliingia kuulizia chumba. Mwinshehe alimpima miguu yenye tope, akabonyeza vitufe viwili vitatu, akakunja uso.

"Kompyuta inasema vyumba vimejaa."

Kisha akamgeukia mgeni mwenye heshima, aliyekwisha kujitambulisha. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hiyo mashine imewahi kuwaka?"

"Haijawahi," alisema Mwinshehe kwa fahari. "Ndiyo maana haijaharibika."

Lea akamweleza shida yake: wabadilishane adapta. Mwinshehe aliingiwa na hofu. Wageni wakigundua je?

"Yako imezima na yangu imezima," Lea alisema. "Ila yangu imezima kitaalamu."

Hoja hiyo ilimridhisha. Akakubali, mradi ijaribiwe palepale, kwenye televisheni yake ya video. Lea aliunganisha nyaya kama alivyomwona Oswald akifanya, wakati yeye akijifanya anasahihisha madaftari. Redio kaseti ya gesti ikapiga yowe refu, madereva waliokuwa wakila pembeni wakaacha supu zao. Halafu kimya.

SHIKAMOO MWALIMU.

Aliandika MARAHABA, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

KARIBU CHAI. NAPIKA MIMI, SIO HAPPINESS. WATU WA STESHENI WASIJUE.

Lea alisoma mara moja tu. Chai yote ile, jioni zote zile, na asante zote zilikwenda kwa mtu mwingine. Machozi yalimtoka asiyazuie. Aliwasikia madereva wakisogea nyuma yake, akainuka, akakiziba kioo kwa mgongo wake.

"Inasemaje, mwalimu?" Mwinshehe aliuliza.

"Inasema vyumba vimejaa," alisema Lea, akachomoa waya.