Kilo Tisini za Kwenye Fomu

Usiku wa jana niliota mpangaji wangu anafanya mtihani, na mtihani wenyewe ni mimi.

Nianze na mpangaji. Anaitwa Editha Ndunguru, mtoto wa Mbinga, anasoma ufamasia mwaka wa tatu hapa Mbeya na amepanga chumba chetu cha uani. Mimi nimestaafu kazi ya mizani ya barabara kuu. Miaka thelathini na miwili nimepima malori, na mara moja nimepima tembo. Tembo mwenyewe alishukuru. Mke wangu Tusekile anasema hiyo ya tembo nayo ni ndoto, ila niliiota nikiwa macho.

Editha ni mtu wa kutazamwa. Alfajiri anapiga pasi koti lake jeupe mpaka nzi akitua anateleza. Anakaanga maandazi huku akitaja majina ya dawa, marefu kama treni ya mizigo, hajikwai hata moja na maandazi hayaungui. Jumanne na Alhamisi jioni yuko kiwanjani, anacheza netiboli nafasi ya mfungaji. Akirudi anaoga, halafu anakaa na Tusekile kutazama tamthilia ya Kituruki, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu hawezi kunyamaza.

"Bibi, ona! Wamempa dawa bila kumuuliza kama anatumia nyingine!"

"Mwache afe, ana roho mbaya huyo."

"Hata mwenye roho mbaya anaulizwa, bibi."

Mimi namwita daktari. Yeye ananijibu, "Mfamasia, babu." Kesho yake namwita tena daktari, kwa makusudi, nipate kusikia anavyolisema.

Basi, ndotoni. Niko kitandani kwangu, blanketi hadi kidevuni, lakini kitanda kiko kwenye foleni ya maabara ya chuo. Mbele yangu kuna vitanda vinne. Hakuna anayeshangaa, na mimi nikaona si adabu kuanza.

Pembeni limesimama kabati la dawa lenye maandishi mlangoni: WEKA MBALI NA WATOTO. Mara anapita mtoto anakula ubuyu. Kabati linaona, linainua miguu yake minne, linatoka mbio ukumbini, chupa zinagongana tumboni.

"Samahani mzee," linaniambia likinipita. "Mimi nafuata maandishi."

Kwenye rafu kubwa ukutani wamepangwa wanafunzi, mmoja mmoja, mahali pakavu pasipofika jua. Wanasoma madaftari yao. Mmoja alichomoza mguu dirishani, jua likampiga, na papo hapo akapitwa na muda wake. Wenzake wakamfungia kwenye boksi kwa heshima.

Msimamizi wa mtihani ni kinu. Kinu cha kaure cheupe, kile cha kusagia dawa, amevaa miwani, na mchi ndio mkono wake. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Kinu na wanasimama akipita.

"Mgonjwa atikiswe kabla ya kutumika," akasema.

Glavu mbili zikaja zenyewe, zikanishika mabega, zikanitikisa. Nikatikisika mpaka yule tembo akanidondoka kutoka kwenye mkono wa pajama. Akajikung'uta vumbi, akasema, "Shikamoo, mzee wa mizani," akauliza mlango wa kutokea uko wapi, akaenda zake. Natamani Tusekile angekuwepo.

Nikapewa fomu. Jina: Mwaisaka. Umri: sabini na moja. Ugonjwa: kikohozi cha kujisifu. Hiki ni kikohozi kinachomshika mtu akijitapa, na kweli nilipoandika kwamba nimepima malori laki tatu nikakohoa mpaka miwani ya Mwalimu Kinu ikaingia ukungu.

Uzito: nikaandika kilo tisini.

Sasa hapo nisiwafiche. Kilo tisini nilikuwa nazo zamani, siku za kazi. Nilipostaafu zilianza kuondoka, sijui zinaenda wapi, hazikuniaga. Sijajipima tangu siku ile. Mtu aliyesimama barabarani akiwaambia wenye malori "umezidi, shusha", hawezi kuja kuandika kwenye fomu kwamba yeye mwenyewe amepungua. Nikaandika tisini, nikapiga na mstari chini yake.

Mwalimu Kinu akasoma fomu kwa sauti, kisha akaligeukia koti jeupe lililosimama mbele yake. Ndani ya koti alikuwa Editha.

"Mtihani wa mwisho wa vitendo. Dawa hii inatolewa kwa uzito. Kijiko kimoja kwa kila kilo kumi. Ukipunguza, kikohozi kinabaki. Ukizidisha, mgonjwa anakuwa bubu moja kwa moja. Ukikosea kwa namna yoyote, unarudia mwaka wote wa tatu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Ububu kwangu ni kifo, hilo liko wazi. Lakini kilichoniuma zaidi ni huo mwaka. Namjua huyu mtoto. Nimemsikia miaka mitatu kupitia ukuta akijisomea, akikosea anajipiga kofi la paja na kuanza upya.

Kwanza walimjaribu kwa kuhesabu vidonge. Vikaingia vidonge mia moja kwa maandamano, vinapiga kelele kama abiria stendi. Editha akavilaza kwenye sinia, akachukua kijisu chake bapa, akaanza kuvisogeza vitano vitano. Tano, kumi, kumi na tano, mkono haujui kusita. Kidonge kimoja kikajificha nyuma ya mwenzake kikidhani kimewahi.

"Toka," akasema, bila kuinua macho.

"Umenionaje?" kidonge kikauliza.

"Tano yako ina vinne."

Kikatoka kikiona aibu. Nimehesabu magurudumu ya malori maisha yangu yote, lakini namna ile, hapana. Nikataka kupiga makofi, glavu zikanizuia kwa kuwa ndizo zilizokuwa zimevaa mikono yangu.

Ikafika zamu yangu. Editha akaisoma fomu. Akachukua kijiko. Akamimina cha kwanza kwenye kikombe, akasimama. Akaniangalia mimi. Akaiangalia fomu. Akaniangalia mimi.

"Babu, hizi kilo uliandika wewe?"

"Mimi mwenyewe, daktari."

"Mfamasia. Ulipima lini?"

"Ah, wewe mimina tu. Nani anaijua mizani kuliko mimi?" Nikakohoa sana.

Hakumimina. Akarudi nyuma hatua mbili, na sakafu ya maabara ikawa uwanja wa netiboli, mistari na vumbi lake lote. Mkononi ana mpira. "Daka, babu." Akanipiga pasi ya kifua. Nikaudaka, sikuuangusha, ila ulinipeleka nyuma hatua tatu pamoja na kitanda.

"Bidaya, mwenzetu anayecheza katikati, ana kilo sabini na tano," akasema taratibu. "Pasi hiyohiyo anaipokea amesimama, anatafuna jojo. Mwalimu, uzito huu sio."

"Fomu imesema tisini," akasema Mwalimu Kinu.

"Fomu imesema. Babu hajasema."

"Fomu haifutwi na mwanafunzi. Haifutwi na mimi. Anayeweza kuifuta ni mgonjwa, kwa mdomo wake, watu wote wakisikia. Zimebaki dakika mbili. Zikiisha, utatoa kilichoandikwa au hutatoa kabisa, na vyote viwili ni kufeli."

Watu wote gani, nikajiuliza. Ndipo nikasikia honi. Uwanja umekuwa barabara kuu, mimi na kitanda changu tuko juu ya mizani yangu ya zamani, na malori yamepanga foleni kutoka hapo mpaka sioni mwisho wake. Madereva wote niliowahi kuwashusha mzigo wamechungulia madirishani.

"Huyo hapo Mwaisaka!" mmoja akapiga kelele. "Mzee Mwaisaka, leo unapimwa wewe?"

"Mwulizeni tembo anaendeleaje!"

"Kilo ishirini umenizuia siku nzima, mzee! Nyanya zangu zote zikawa rojo!"

Editha amesimama na kijiko chake. Angeweza kunisema. Alishajua. Angeweza kuwaambia wale madereva, huyu mzee mwongo, akaokoa mwaka wake kwa kelele. Badala yake aliniinamia, akasema kwa sauti ya chini, ile anayoitumia kwa wagonjwa wa kweli:

"Babu, sikuharakishi. Mtu akipungua siyo kosa. Mimi nataka tu nijue nakupa kiasi gani."

Nawaambieni, mizani ninayoijua mimi inapima kilichopanda juu yake, basi. Huyu alikuwa ananipima pamoja na nilichokificha, na hakunipandishia sauti.

Nikasimama juu ya kitanda. "Jamani!" Honi zikakatika. "Sio tisini! Nimeandika uongo. Sijui ni ngapi. Najua zimepungua, na nimeogopa kujua!"

Halafu malori yote yakacheka kwa pamoja, kwa honi, kwa breki, kwa moshi. Yakacheka mpaka boneti zikafunguka. Cha ajabu, sikukohoa hata kidogo.

Fomu ikasema, "Asante, nilikuwa nimechoka," ikaifuta tisini kwa ulimi.

"Apimwe," akasema Mwalimu Kinu. "Dakika moja."

Mizani yangu ya barabarani ikakataa. Ikasema mimi ni mdogo mno, ikanidharau mbele ya watu. Basi Editha akaleta ile yake ya maabara, kitu kidogo ndani ya kisanduku cha kioo, chenye sauti kama ya mama mkwe.

"Usinipumulie," ikaniambia.

"Samahani."

"Umesema samahani, umepumua tena. Mimi napima miligramu. Wewe ulikuwa unapima nini?"

"Malori."

"Maskini. Weka kisigino."

Nikaweka kisigino kimoja kwenye sahani yake, nikabana pumzi. Malori nayo yakabana. Editha akainama mpaka macho yakawa sawa na namba, hana haraka, huku dakika imebaki kipande. Mimi ningesoma kwa mbali nikamaliza. Yeye akangoja namba itulie.

"Sitini na moja," akasema.

Akarudi kwenye dawa. Vijiko sita akavimimina kama anamimina dhahabu. Halafu, na hapa ndipo aliponimaliza, akachukua mrija mwembamba, akavuta ile kilo moja iliyobaki, sehemu ya kumi ya kijiko, matone yasiyotosha kumlowesha sisimizi, akaipima, akaiongeza. Ile kilo moja! Mimi kazini ningeisamehe. Yeye hakuisamehe, kwa sababu ilikuwa yangu.

Nikanywa. Ilikuwa chungu, na ikakaa sawasawa na mimi.

Mwalimu Kinu akavua miwani, akagonga mchi mara moja ndani yake mwenyewe, ikalia ngo! "Amefaulu."

Madereva wakashuka kumpa mkono, mmoja mmoja, wanafuta kwanza mikono kwenye suruali. "Hongera daktari." Mimi ndiye niliyewageukia. "Mfamasia," nikawaambia. "Semeni vizuri."

Editha akacheka. Akasema bado jambo moja, kwani lori likipita mizani bila kosa huchorwa chaki kwenye tairi ili mtu asilisumbue mbele ya safari, na mgonjwa naye asithaminiwe chini ya lori. Akapiga goti, akanishika kisigino. Chaki inatekenya. Nikapiga teke, teke likanizindua.

Kumekucha. Uani kimya, Editha ameshaondoka, leo ndiyo siku yake ya mtihani wa kweli. Tusekile amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kitambaa kichwani.

Nikatoa mguu kwenye blanketi nivae kandambili. Nikasimamisha shughuli. Kwenye kisigino cha kulia, kwa chaki nyeupe, kwa mwandiko safi ambao daktari hawezi kuuandika, imeandikwa 61.

"Unatazama nini mguuni?" Tusekile akauliza.

Nilifungua mdomo na tisini ikawa tayari imekaa kwenye ulimi. Nikaimeza.

"Sitini na moja," nikasema.

"Nini sitini na moja?"

"Kilo zangu. Nimepungua, mama. Nilikuwa sitaki ujue."

Akamaliza kufunga kitambaa, bila haraka.

"Kupungua nimekuona zamani," akasema. "Ila namba umeitoa wapi, na mizani humu ndani hatuna?"