Ndoo za Lenah

Nyumbani kwetu Kabuchai kulikuwa na ndoo saba nyeupe zenye vifuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuzitumia. Zilipangwa nyuma ya mlango wa mama mkwe wangu, Nakhungu. Paa lilikuwa likivuja, na mvua ikinyesha tulikinga kwa sufuria, kwa karai, kwa bakuli za watoto, na siku moja kwa kofia ya mume wangu, Wakoli. Lakini nikinyoosha tu mkono kuelekea ndoo, mama anasema bila hata kugeuka, "Edinah, wachana nazo. Hizo ni za Lenah."

Lenah ni binti yake, aliyeolewa Kitale. Miaka yote tuliyokodisha shamba letu kwa kukosa pesa ya mbegu na mbolea, Lenah ndiye aliyetulisha. Kila Mei, wakati mahindi bado yapo magotini na matumbo yananguruma, dereva wa matatu ya Kitale alitushushia ndoo ya mahindi barabarani. Tulikula, tukashukuru, ndoo ikabaki. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Utatia hata viazi vitatu, hata kunde kidogo. Sasa ndoo nzima ya mahindi utairudisha na kunde? Mama alikataa. "Tukivuna," alisema kila mwaka. Tungevuna nini, nasi tulikuwa vibarua katika shamba letu wenyewe, tukimpalilia aliyelikodi?

Ningevumilia ndoo. Kilichoniuma ni kwamba mama aliacha kwenda Kitale. Mkono mtupu haulambwi, alisema, naye hakutaka kumtokea binti yake na mkono wa namna hiyo. Lenah alijifungua kitinda mimba wake, mama hakwenda. Mtoto akaanza kutembea, mama akamwona kwenye simu tu, akaipapasa ile simu kama shavu. Mimi ni mtu wa hasira, na siku hiyo nilitamani kuzipiga ndoo zile mateke moja moja mpaka barabarani.

Kisha mwaka jana, Januari, vijana wa shirika fulani walipita nyumba hadi nyumba. Wakasema tutatumiwa pesa kwa simu, si mkopo, na matumizi ni juu yetu. Kijiji kilicheka. Wengine walidai ni pesa za mashetani, ukizila watoto watapotea. Mimi nilisema shetani ninayemjua huchukua tu, hajawahi kutuma.

Pesa ziliingia tukiwa tunapukuchua maharagwe. Wakoli alisoma ujumbe, akanipa simu, akaninyang'anya, akasoma tena. Halafu akaketi chini kwenye maganda, mwanamume mzima, akalia. Sikumcheka, kwa maana nami nilikuwa nalia.

Ugomvi ulianza jioni hiyo hiyo. Wakoli alitaka pikipiki ya bodaboda. Mimi nilitaka mabati. Tulibishana mpaka sauti yangu ikafika mtoni, na watu wa mtoni wakaniambia. Mama alitusikiliza tu. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na ndoo moja, akaiweka katikati yetu.

"Ati pikipiki," alisema. "Ati mabati. Mimi nataka kuona mtoto wangu."

Kesho yake Wakoli alimwambia aliyekodi shamba kwamba msimu wake umekwisha na mwaka huu tunalima wenyewe. Tukanunua mbegu na mbolea, tukakodi ng'ombe wa kulima. Zilizobaki zikatosha mabati ya upande mmoja wa nyumba, upande wa kitanda cha mama. Upande wetu uliendelea kuvuja, nami nikaendelea kulalamika, nisije nikasahau kazi yangu.

Lakini siku ya kupalilia niliimba. Jembe lilikuwa lile lile na jua lile lile, ila kila shina nililozungushia udongo lilikuwa langu. Sikujua kama furaha inaweza kumfanya mtu asiusikie mgongo wake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale katikati ya mistari.

Mei hiyo Lenah hakutuma ndoo. "Amesikia tumepata," mama alisema, nami nikaona ni kweli.

Agosti tukavuna. Mama aliyachambua mahindi kwa mkono wake, akatupa yote yaliyooza, akajaza ndoo saba, kila moja akiitikisa ili ishibe. Tulipata nafasi katika pikapu iliyokuwa ikipeleka vitunguu Kitale. Mama aliketi mbele na dereva katika gauni lake la kanisa. Mimi niliketi nyuma, nikafika nikinuka kama mchuzi.

Lenah alitoka mbio bila viatu. Walishikana pale mlangoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Tukapanga ndoo ukutani, nje. Lenah alizitazama, kisha akatazama pembeni upesi. Chai ikaja bila maziwa wala sukari. Kisha akasema anakwenda kupika ugali, akapotelea jikoni muda mrefu.

Mimi siwezi kukaa kama mgeni, nikamfuata. Maji yalikuwa yakichemka sufuriani, na Lenah amesimama akiyatazama, mkononi ana sahani tupu. Alikuwa ametoka kwa jirani kupitia mlango wa nyuma, kuomba unga, na jirani naye hakuwa nao.

"Mulamwa, wifi yangu, usimwambie mama," alininong'oneza. "Mwenye shamba alichukua shamba lake Februari. Hatujapanda kitu. Na hao watu wa pesa huku kwetu hawakufika."

"Na si ungetuambia?"

"Ningesema aje? Si mimi ndio nilikuwa natuma?"

Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia kwa pamoja. Sikupata nafasi, maana mama alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulionyesha amesikia yote. Alitoka nje, akainua ndoo ya kwanza, akanitwika.

"Edinah, tafuta posho mill. Hayo maji yasikauke."

Tulikula ugali wa unga uliokuwa bado na joto la mashine, na sukuma wiki. Mama alimpakata yule mjukuu wa kwenye simu, akamlisha matonge madogo madogo, akimpapasa shavu, safari hii shavu lenyewe. Nilimtazama nikajua mabati yangu yangeweza kungoja hata miaka kumi.

Tulipoaga, Lenah alimimina ndoo moja katika gunia, akabaki nayo mkononi. Macho yake yakazunguka jikoni, yakaenda uani, yakarudi. Niliyajua macho hayo. Nimeishi nayo nyumba moja kwa miaka.

"Mayi," alimwambia mama, "sina kitu cha kutia."

Mama akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nilipoolewa. "Basi kaa nazo. Mimi nimekaa nazo miaka yote hiyo na sikufa." Kisha akaacha kucheka, akamshika mikono. "Lakini wewe usifanye huo ujinga wangu. Paa likivuja, kinga na hizo ndoo. Na uje nyumbani mikono mitupu, unasikia? Uje tu. Mimi nilijinyima wewe kwa sababu ya ndoo."

Walilia, nikalia, na mtoto akalia kwa kutuona.

Tulirudi Kabuchai bila kubeba chochote. Mvua ilitukuta tunaingia mlangoni. Kwa mazoea nilitazama nyuma ya mlango wa mama, palikuwa patupu. Nikachukua sufuria yangu, nikaitega chini ya tone, nikamshukuru Mungu, na baada yake yule mtu nisiyemjua, aliyetutumia pesa bila kutuuliza tutazifanyia nini.