Ua Uliosakafiwa

Fundi aliusakafia ua wote wa mama yake kwa saruji, ukuta hadi ukuta, ili mama asikanyage tope tena. Mtaa mzima ukamwita akasakafie na kwao.

Msimu huu mvua ilinyesha kweli kweli. Maji yaliteleza juu ya saruji, yakatoka getini, yakaishia mtaroni. Mama alishusha ndoo katika kisima cha uani, ikagonga mawe makavu.

“Siku hizi mvua zimepungua, mama,” fundi alijitetea, mwenyewe amelowa chapachapa.

“Zimepungua wapi? Mvua imekuja, imebisha hodi, na wewe mlango umeupiga zege!”

Fundi alichukua mtaimbo, akaivunja kazi ya mikono yake katikati ya mvua ile. Chini yake, udongo ulikuwa mkavu kama majivu.